Kujenga uzio wa kuku unaoingia bila kuinama

Uzio wangu wa kwanza wa kuku ulinifika kifuani. Nilikuwa nimepiga hesabu ya mbao nikaona nikipunguza kimo nitaokoa fedha, na kweli niliokoa. Lakini kila asubuhi ilinibidi niingie nimejikunja, ndoo ya maji mkono mmoja na mkono mwingine umeshika kiuno. Wiki ya tatu nikawa naingia mara mbili tu kwa wiki. Masika yalipoanza sikuingia kabisa. Maji niliyamimina kwa kikombe kupitia matundu ya wavu. Kona ya mbali ikajaa kinyesi kilicholowa, vifaranga wakaanza kuhara damu, na siku moja nikakuta mayai 11 yameoza nyuma ya tofali ambako mtetea mmoja alikuwa akijificha. Nilipoubomoa nilijiapiza kwamba uzio wa pili utapimwa kwa kimo changu mimi, maana kuku hawasafishi.

Huu ndio huo wa pili: urefu mita 5.4, upana mita 3, kwa kuku 15 wa kienyeji, pembeni mwa bustani yangu hapa Morogoro. Banda la kulala lilikuwapo tayari. Uzio umeegemea banda hilo ili kuku watoke asubuhi na kupunga upepo bila kufika kwenye mchicha. Watu wawili wanaujenga kwa siku 3 au 4, bila kuhesabu siku za kusubiri zege likauke.

Ukubwa na mahali

Kuku mmoja mpe walau mita mraba 1 ya uwanja. Ukibana zaidi ya hapo wataanza kudonoana manyoya, na ardhi itakuwa tope kabla mvua ya pili haijanyesha. Uzio huu una mita mraba 16.2, hivyo kuku 15 wanakaa kwa nafasi na jogoo anapata pa kuringia.

Kwa nini mita 5.4 na isiwe 6 kamili? Mbao kwetu huuzwa za futi 12, yaani mita 3.66. Nguzo zikiachana mita 1.8, ubao mmoja unaanzia nguzo ya kwanza na kuishia kwenye ya tatu, na kiungo kinakaa juu ya nguzo. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa mita 6 na nguzo kila baada ya mita 2. Kila ubao ulikuwa unaishia hewani. Pima mbao za dukani kwako kwanza, ndipo uchore.

Chagua ardhi iliyoinuka kidogo, ambayo maji hayatuami saa moja baada ya mvua. Usijenge chini kabisa ya mwembe au mti wowote mkubwa. Kivuli chake ni kizuri, lakini matawi makavu yakidondoka yanatoboa wavu wa juu, na paka na nyoka hutumia matawi kama daraja. Mti ulio mita 4 au 5 upande wa magharibi ndio bora: jua kali la alasiri linakingwa na paa linabaki salama.

Vifaa nilivyotumia

- Mirunda 11 ya mkaratusi ya futi 10, unene inchi 3 hadi 4
- Mbao za inchi 2 kwa 4, futi 12: 7
- Mbao za 2 kwa 2, futi 12: 12
- Mbao za 1 kwa 8, futi 12: 2
- Wavu mgumu wa kuchomelewa wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, upana futi 3: rola moja ya mita 30
- Wavu wa kuku wa kawaida, upana futi 4: rola moja ya mita 30
- Mabati 3 ya kukatwa kwa kipimo, mita 3.4 kila moja
- Saruji mfuko 1, mchanga ndoo 5 na kokoto ndoo 10 (ndoo za lita 20)
- Misumari ya inchi 4 na ya inchi 3, misumari ya bati, misumari ya U kilo 2
- Waya wa kufungia kilo 2, bawaba 3, makomeo 2 na kufuli

Zana ni zile zile za kila fundi: tepu, kamba, timazi, pimamaji, msumeno, nyundo, mtaimbo, chepe, plaizi na mkasi wa bati. Nunua na glavu nene. Wavu uliokatwa una meno.

Kama fedha haitoshi, punguza kwenye bati na mbao. Usipunguze kwenye ule wavu mgumu. Sababu nitaieleza tukifika kwenye wavu.

Kunyoosha kona

Piga vigingi vinne na ufunge kamba. Kona ya kwanza ikae mraba kwa kanuni ya 3, 4, 5: pima mita 3 kwenye upande mfupi, mita 4 kwenye upande mrefu, na kati ya alama hizo mbili pawe mita 5 kamili. Upana wetu ni mita 3, kwa hiyo nusu ya kazi imeshajifanya yenyewe. Ukimaliza kona zote, pima mishazari miwili, kutoka kona hadi kona. Yote isome mita 6.18. Mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita 2 endelea tu. Ukizidi kwa 10, sogeza vigingi sasa hivi, maana bati litakuja kukuumbua huko juu.

Weka alama za mashimo: 4 kwa kila upande mrefu (0, 1.8, 3.6 na 5.4), moja katikati ya upande wa nyuma penye banda, na mbili za mlango upande wa mbele, ili kati ya mirunda yake pabaki wazi sentimita 90. Usitegemee ukuta wa banda ubebe uzio. Banda likitikisika, au siku utakapotaka kulihamisha, uzio usimame wenyewe.

Nguzo

Mashimo yawe na kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 30. Chini kabisa weka mawe madogo, unene wa kiganja, ili maji yasituame kwenye kitako cha mrunda. Mrunda unaoza pale unapokutana na uso wa ardhi, na mchwa huingilia hapo hapo.

Desturi yetu ni kupaka oili chafu. Mimi napaka sehemu itakayozikwa tu, na naiacha ikauke juani siku kadhaa kabla ya kusimamisha. Sipaki kuelekea juu, kwa kuwa kuku huchakura na kudonoa chochote kilicho karibu na nguzo. Njia ya wazee ya kuchoma kitako cha mti juu juu mpaka kiwe cheusi nayo inasaidia, na haiachi harufu. Ukipata nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, chukua hizo uachane na yote haya.

Zege si la kila shimo. Mfuko mmoja unatosha nguzo 6: nne za kona na mbili za mlango, kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Nguzo 5 za kati zishindilie kwa mawe na udongo, tabaka kwa tabaka, kwa kitako cha mtaimbo. Shindilia hadi mikono iume, halafu ongeza kidogo. Zege liishie juu kidogo ya ardhi na ulipe mteremko kutoka kwenye mti, kama kofia, maji yakimbie.

Simamisha kona kwanza kwa timazi, vuta kamba kati yao, kisha nguzo za kati zifuate kamba. Usikate vichwa kabla. Acha zege likae siku 3, ndipo uchukue mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, uweke alama za usawa. Upande wa juu wa paa nguzo zibaki mita 2.2 kutoka ardhini, upande wa chini mita 1.9. Sasa kata. Ardhi ya bustani haiko sawa kamwe. Ukikata mirunda yote kwa kipimo kimoja ikiwa bado chini, paa litafuata mabonde ya shamba lako.

Mitambaapanya na kenchi

Mtambaapanya ni ule ubao unaolala juu ya vichwa vya nguzo kubeba paa. Jina lake linakueleza ni nani mwingine anayeutumia. Tumia mbao 3 za 2 kwa 4: kila upande ubao mzima na nusu, zimesimama kwa upana wake ili zisipinde. Kila kichwa cha nguzo piga misumari miwili ya inchi 4 kwa mshazari, kisha zungushia waya wa kufungia mara mbili na ukaze kwa plaizi. Msumari peke yake hung'olewa na upepo.

Kenchi ni mbao 4, moja juu ya kila jozi ya nguzo, zikitokeza kidogo pande zote mbili. Mteremko ni sentimita 30 kwa mita 3. Niliuelekeza bustanini kwa makusudi, mchicha unakunywa maji ya bati. Usielekeze bandani.

Kabla ya wavu piga ukanda wa mbao za 2 kwa 2 kuzunguka uzio wote, kwenye kimo cha sentimita 90. Hapo ndipo nyavu mbili zitakutana. Kwenye upande wa juu pia piga zile mbao za 1 kwa 8 moja kwa moja chini ya mtambaapanya, maana wavu wa futi 4 hauufikii; unaishia kama sentimita 13 chini yake.

Wavu

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na mimi nimo. Wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, ulibuniwa kumzuia kuku asitoke. Anayetaka kuingia ni jambo jingine. Mbwa akiuma anaupasua. Nguchiro haumsumbui, anachimba chini yake. Kicheche na kanu hupenya pengo ambalo wewe hukuliona. Nyoka hupita kwenye tundu. Na usiku kuku hupenda kulala wameegemea wavu. Asubuhi unakuta mguu au shingo imevutwa nje na kiwiliwili kimebaki ndani.

Kwa hiyo wavu mgumu wa nusu inchi unakaa chini, kutoka ardhini hadi sentimita 90, na ule mwepesi unakaa juu, ambako kazi yake ni kuzuia kuku asiruke na mwewe asishuke. Zote zikae upande wa nje wa nguzo. Mnyama akisukuma, wavu unagandamizwa kwenye mti. Ungekuwa ndani, angekuwa anang'oa misumari.

Anzia nguzo ya kona. Piga misumari ya U kila baada ya sentimita 10, mwenzako avute rola hadi nguzo inayofuata, kaza, piga. Ukifika kwenye ukanda, wavu wa juu uukalie wa chini kwa sentimita 5 na ufunge kwa waya kila baada ya kiganja kimoja. Juu ya kiungo gongomea fito nyembamba. Inaficha meno na inabana vizuri kuliko misumari mitupu. Pande fupi za mbele na nyuma zitabaki na pembetatu huko juu kwa sababu ya mteremko; ziba kwa vipande vilivyosalia.

Sasa sketi. Kata wavu mgumu katikati kwa urefu upate vipande vya sentimita 45. Nje ya uzio, parua majani na udongo kina cha vidole vinne, laza wavu huo bapa kuelekea nje, ufunge kwa waya kwenye kitako cha wavu wa ukuta, kisha ufunike kwa mawe na udongo. Majani yataota na kuushika. Nilipoambiwa haya mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa baba alikuwa akizika wavu wima futi 2 kwenda chini. Wima unafanya kazi, ila uchimbaji wake ni wa adhabu na kutu huumaliza usipoona. Huu wa bapa unatumia tabia ya mnyama mwenyewe: anakuja hadi ukutani, anachimba hapo hapo, anakutana na wavu. Hajui kurudi nyuma nusu mita aanze upya. Kwenye kona nne weka vipande vya ziada vya mraba, usiache pengo, na usisahau mbele ya mlango.

Banda linaziba mita 2 za upande wa nyuma, ndiyo maana rola moja ya kila aina inatosha. Pale wavu unapokutana na banda, acha mlango mdogo wa kuku, upana sentimita 30 na kimo sentimita 35, wenye kibao cha kuteleza.

Ukimaliza, pitisha sumaku ardhini. Mimi hutumia ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kamba. Vipande vya waya vinang'aa, na kuku hameng'enyi waya.

Mlango

Kitendawili cha watoto kinasema nyumba yangu haina mlango, na jibu ni yai. Laiti na uzio ungekuwa hivyo. Mlango ndio unaosumbua kuliko vyote.

Fremu ni ya 2 kwa 2, kimo mita 1.75, upana sentimita 86, na ubao wa mshazari kutoka chini penye bawaba kwenda juu penye komeo. Ukiugeuza mshazari huo, mlango utalala upande wa komeo ndani ya miezi miwili. Chini wavu mgumu, juu wavu wa kuku, kama ukutani. Chini ya mlango weka kizingiti cha ubao wa inchi 8: kinazuia pumba zisimwagike na kinampa kikwazo jogoo anayekuvizia utokeze mguu. Mlango ufunguke kwa ndani, wanaokimbilia nje waufunge wenyewe kwa vifua vyao.

Komeo moja juu, moja chini. La chini ni kwa sababu mnyama husukuma kona ya chini mpaka pengo lipatikane. La juu lifunguke pia ukiwa ndani. Kamba fupi inayopita kwenye tundu inatosha. Mimi sikuiweka. Upepo ulibamiza mlango, komeo likadondoka lenyewe, nikakaa na kuku wangu dakika 40 nikiita hadi mtoto wa jirani aliporudi kutoka shule. Alicheka kwanza, akafungua baadaye.

Paa

Theluthi iliyo karibu na banda ni ya bati, na iliyobaki ni wavu. Piga papi nne (mbao za kupigiliwa bati) za 2 kwa 2 juu ya kenchi mbili za mwanzo, kisha mabati 3, msumari kwenye mgongo wa bati na kamwe si kwenye bonde lake. Chini ya bati ndipo pa chakula, maji na kivuli cha mchana.

Sehemu ya wavu ni mita 3.6. Vuta kwanza nyaya tatu za kufungia kutoka kenchi hadi kenchi, zikaze, ndipo ulaze vipande vitatu vya wavu wa kuku kwa urefu na kuviunga. Bila nyaya hizo wavu unabonyea, majani yanakusanyika, na siku moja unaingia na kofia inabaki juu. Mwewe haonekani kila siku, lakini siku anayokuja hahitaji zaidi ya pumzi mbili. Kunguru nao hutafuta mayai na vifaranga.

Sakafu

Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa kiwanja kugeuza maji ya mvua. Ndani mwaga mchanga tabaka la sentimita 5, juu yake pumba za mpunga au maranda, kiganja kimoja. Pumba hapa kwetu hazikosekani. Mashine za kukoboa zinatafuta wa kuziondoa. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, kwa hiyo mwachie yeye kazi ya kugeuza. Wewe ondoa palipolowa, hasa kuzunguka maji, kila siku chache. Ile kuhara damu hukua kwenye unyevu, na tope la masika ndilo linaloileta. Pumba zilizochakaa zilundike pembeni zioze miezi kadhaa kabla ya kuzipeleka kwenye mboga. Mbichi zinaunguza miche.

Kona moja chini ya bati weka beseni pana la udongo mkavu na majivu. Kuku wataoga humo na utitiri utapungua. Piga na fito moja ya kusimamia, kimo cha goti.

Siafu hawazuiwi na wavu wowote. Kama eneo lako lina siafu, banda la kulala liinuliwe kwa miguu, na kila mguu ukae kwenye kopo lenye maji na oili kidogo.

Kuwahamishia

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila hapa kamba ni mlango. Wafungie bandani siku 3 au 4 kwa chakula na maji ili wajue ndiko kwao, kisha fungua mlango mdogo waingie uwanjani. Saa 12 jioni watarudi wenyewe, isipokuwa mmoja au wawili watakaolala juu ya fito, wabebe. Funga kibao cha banda kila usiku hata kama unauamini uzio wako.

Usiku wa kwanza walipokuwa wametulia niliingia na tochi, nimesimama wima, nikawachukua mmoja mmoja kuwapa chanjo ya kideri, tone moja la chanjo iitwayo I-2 jichoni, ambalo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kwenye uzio wa zamani kazi hiyo ilichukua watu watatu na jioni nzima. Safari hii nilimaliza chai ikiwa bado ya moto.